Ukungu wa Namna Mbili

Huku Matamba neno ni moja kwa vitu viwili.
Kuna ukungu unaoshuka kutoka Kitulo alfajiri
ukaketi juu ya bati kama kuku anayeatamia,
na kuna ukungu ulioota jana kwenye mkate.
Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mtu na mwanawe.
Sikukosea sana.

Ulikuwa mwezi wa pili. Siku tisa hatukuliona jua.
Siku ya kumi mama, Orida Chaula, alirudi shambani
na jani moja la kiazi ndani ya mfuko wa koti,
akaligeuza mbele ya moto tuone upande wa chini:
unga mweupe, mwembamba,
kana kwamba aliyepita pale katoka mashineni kusaga.
"Wameshafika," alisema. Hakusema nani.

Hatukusikia hatua. Nguruwe pori huacha nyayo,
fuko huacha kifusi, mwizi huacha angalau aibu.
Hawa waliacha harufu.
Ekari moja na nusu ilinuka kama samaki wa juzi,
mashina yakalala meusi, yameloa,
kama moto umepita bila kuwaka.
Tulichimba. Kiazi kilikuwa kizima machoni;
ukikibonyeza, kidole kinazama hadi kwenye pete.

Bwana shamba Luvanda alikuja na pikipiki na maneno marefu.
Alisema ni viumbe, wana uhai, wanazaana,
umati mzima unakaa juu ya kichwa cha msumari na nafasi inabaki.
Mama akamuuliza: "Na wao wanakula mara ngapi kwa siku?"
Luvanda akatazama kofia yake.

Tangu hapo nikawa nawaona kila mahali.
Kwenye boriti ya jikoni, iliyogeuka biskuti kwa ndani.
Kwenye mshono wa koti la marehemu baba.
Kwenye jino langu la nyuma,
linalogonga usiku kama mlango usio na komeo.
Kwenye gunia la mahindi, kijani cha kupendeza,
rangi ambayo ningeichagulia sweta.
Mama alitaka kuyaosha, ayaanike, tule.
Luvanda alisema sumukuvu haioshwi, haichemshwi,
huingia kwenye ini ikapanga chumba.
Tukayazika. Kuku wa Zefania wakayafukua.
Wiki haikuisha, Zefania akahesabu saba, miguu juu,
na ilibidi tusimame tuhesabu naye.

Hata picha ya baba, ile ya studio ya Makambako,
waliianzia kwenye kiatu, wakapanda suruali;
mwaka huu wamefika kwenye tai.
Mama huipangusa kwa kitambaa kikavu, polepole,
na kila akipangusa, baba hupungua.

Sitawatukana wote. Najua ndugu zao
ndio wanaouchachua ulanzi kule bondeni,
ndio wanaoyageuza majani ya shimoni kuwa udongo.
Ukoo mmoja, tabia mbalimbali. Kwetu pia wapo.

Mwezi wa tano Kyando mwenye duka alikuja na daftari la madeni.
Lilikuwa limekaa masika yote chini ya dirisha linalovuja.
Kurasa zimeshikana; akazibandua kwa kisu cha mkate.
Ukurasa wetu ulikuwa doa moja la zambarau, lenye manyoya.
Mbolea, dawa ya kupuliza, sukari: vyote vimeliwa.
Kyando alilitazama doa. Mimi nilimtazama mama.
Kimya kile kingeweza kutununulia mbegu.

Mama alijifuta mikono.
"Mbolea, mifuko miwili," alisema. "Dawa, chupa tatu.
Sukari kilo nne, na uandike ile ya msiba."
Kyando akatafuta ukurasa mkavu, akaandika.

Nje ukungu ulikuwa umefika mlangoni,
wa kwanza au wa pili,
sikutoka kuuliza.