Saa ya Ziada

Siku ya kumi na moja. Mayai arobaini na mawili.
Kila asubuhi Amaro huyageuza, moja moja,
kichwa chini miguu juu, kama mkunga mwenye haraka,
viini visije vikaganda upande mmoja vikaoza.
Huyatia alama kwa penseli. Nimeolewa na mtu
aliyeandika kwenye yai: "wewe kesho."

Mashua ina jina la mama yake, Hermitas,
ndiyo maana, nasema, inanuna usiku kucha:
mlingoti unaguna, sufuria zinagombana kabatini,
na kijiko kimoja, tumekisaka tangu Mindelo,
kinagonga mahali fulani, ti, ti,
kila tunapokwenda mrama kushoto.

Upepo uko tezini. Hatujagusa tanga siku tatu.
Kazi yetu ni kutoanguka.
Chai hunywewa sakafuni, mgongo ukutani,
birika limebanwa magotini kama mtoto mkaidi.
Mswaki, maji ya kikombe kimoja kwa wawili.
Vyombo tunaoshea Atlantiki,
nayo haina mwisho, ila haitoi povu.

Kabichi inapungua jani kwa jani.
Samaki warukao tumewakuta wanne sitahani,
wamekauka, macho wazi,
kama waalikwa waliokosea siku ya karamu.

Saa tatu zamu yake, saa tatu yangu.
Miaka thelathini na mmoja ya ndoa
imekuwa dakika tano kwenye ngazi:
"Meli moja, kaskazini, imeshapita."
"Umekula?"
"Kuna uji."
Ananifunga mkanda wa usalama, anauvuta mara mbili,
kisha anateremka kulala
ndani ya joto nililoliacha.
Ndivyo tunavyokumbatiana siku hizi,
kwa kupokezana blanketi.

Leo tumevuka ule mstari wa ramani
ambapo saa hurudishwa nyuma.
Saa nzima imezaliwa baharini, haina mwenyewe.
Nani aikeshe?
Yeye asema ni yangu, mimi ndiye mdogo.
Mimi nasema ni yake, ndiye aliyetaka bahari;
mimi nilitaka jiko lenye sakafu tulivu.
Tukabishana mpaka uji ukapoa.

Mwishowe hakulala mtu.
Tulikaa wawili nyuma ya usukani
unaojiendesha, ukitikisa kichwa peke yake,
tukagawana kitunguu cha mwisho, kibichi, kwa chumvi,
tukatokwa machozi kwa sababu halali.
Hakusema kitu. Sikusema kitu.
Kijiko kilisema.

Kwenye daftari la safari ameandika:
"Saa nane hadi saa nane. Mawimbi mita tatu.
Hakuna la kuripoti."

Nimelisoma asubuhi, yeye akikoroma.
Nikachukua penseli ya mayai,
nikaligeuza daftari kichwa chini,
nikatia alama.