Miezi Sita

Kadi imelala mezani tangu Jumatatu,
kati ya kichupa cha chumvi na miwani ya Lorna.
Inauliza kwa adabu: mwaka mzima, au miezi sita?
Haina kisanduku cha "bado nafikiri."

Dola hamsini na mbili. Nimepiga hesabu:
dola moja kwa wiki, kwa kurasa sita.
Zamani zilikuwa kumi na sita, na Jumatano jioni
kijana wa akina Petrek alilirusha barazani kutoka kwenye baiskeli,
iwe theluji, iwe jua, na mara nyingine likatua kwenye pipa la maji.
Siku hizi linachapwa jimbo la pili,
linanifikia kwa posta Jumamosi
kuniambia mvua itanyesha Alhamisi.

Na ndani mna nini? Bei ya nguruwe.
Majina ya waliopita taa nyekundu.
Kaunti nzima tuna taa moja, na bado wanapatikana watu.
Wasichana wetu wa voliboli wamefungwa tena na Ardell.
Tangazo la trekta, lile lile, tangu Machi;
Hruska hapunguzi bei, nasi hatununui,
tumeshazoeana.

Mwanangu ananicheka kutoka mjini:
Baba, kila kitu kiko kwenye simu, tena bure.
Kweli. Kwenye simu nimeona mafuriko
ya nchi nisizoweza kuzitamka,
nimeona paka akipiga piano.
Sikuona kwamba daraja la Kijito cha Willow limefungwa
mpaka nilipolifikia na lori limejaa mahindi,
nikageuza, maili kumi na tisa,
nikiongea peke yangu.

Lakini nina kinyongo, acha niseme.
Lorna alipofariki walinitoza tanzia kwa mstari.
Nilikaa hapa hapa na penseli
nikimpunguza mke wangu.
Nikatoa kwaya. Nikatoa achari zake za matango
zilizoshinda mara mbili kwenye maonyesho.
Nikabakiza alizaliwa, aliolewa, ameacha.
Dada yake Ilse hakunilaumu.
Alikuja na chupa moja ya achari, akaiweka kwenye ngazi,
akaondoka bila kuzima gari.

Basi Februari nikaenda mkutano wa makamishna
kulalamikia changarawe.
Viti arobaini, wananchi wawili:
mimi, na yule binti wa gazeti, Tamsin Oberle,
buti zimelowa, kalamu imegoma kwa baridi,
anaipulizia kama mtu anayewasha kuni mbichi.
Nikasema yangu dakika tatu, nikachukua kofia.
Yeye akabaki.
Nilipogeuka mlangoni, kamishna mmoja alikuwa akisoma tarakimu
kwa sauti ya kumbembeleza mtoto alale,
na binti akanyoosha mkono:
Samahani, rudia hiyo ya elfu themanini.
Akarudia. Safari hii polepole,
na mgongo umenyooka kitini.

Sikuwahi kujua ile elfu themanini iliishia wapi.
Huenda iliandikwa. Wiki ile nilikuwa nimekasirika,
niliwashia jiko gazeti kabla ya kulisoma,
na sitasema uongo, liliwaka vizuri.

Hamsini na mbili ni gunia la chakula cha mbwa,
na mbwa hajawahi kunitoza kwa mstari.
Nimechukua penseli, nimeiweka chini,
nimeosha kikombe kilichokuwa safi.
Halafu nimetia alama: miezi sita.
Tutazamane kwanza.

Pale chini, palipoandikwa Maoni, pana nafasi ya kidole.
Nimeandika hadi pembeni, nikageuza kadi,
nikaendelea kuzunguka anwani yao:
kwamba Lorna Vasek alishinda kwa achari, mara mbili,
kwamba mara ya pili alimshinda mama yake mwenyewe,
na kwamba kwaya ilimweka nyuma kwa sababu ya urefu,
si kwa sababu ya sauti.
Sikuhesabu maneno.

Stempu sina.
Kesho nitakwenda posta,
kama barabara imeshamwagwa changarawe.