Salama, Ila

Tangazo walilibandika juu ya mashine ya kufulia,
mtaa wa Sharrow, pale penye kikaushio kibovu:
chuo kikuu kinatafuta watu wazima
wasiopata usingizi, au wenye moyo mzito.
Chini wamelichana vipande kama ndevu za muhindi,
kila kipande namba ya simu.
Vinne vilishang'olewa. Nikang'oa cha tano,
nikakisahau mfukoni, nikakifua,
nikarudi kung'oa kingine.

Jumanne, saa tatu asubuhi, natoka zamu ya usiku,
unga wa mkate bado umo kwenye nyusi.
Theluji ya Sheffield imekuwa tope jeusi kando ya reli ya tramu.
Ghorofa ya tatu. Kiti cha bluu. Bilauri ya maji.
Bronwen, muuguzi wa utafiti, ana mafua na kalamu nne.
Ananisomea haki zangu:
naweza kujiondoa siku yoyote, bila kutoa sababu.
Hivyo ndivyo alivyoondoka Shomari, nikawaza,
nikatia sahihi.

Wakachukua damu, vichupa vitatu. Presha. Uzito.
Mwili ukajibu kila kitu papo hapo,
mwili hauna adabu.

Kisha maswali.
Sifuri ni hapana kabisa, tatu ni karibu kila siku.
Wiki hizi mbili, umekuwa na huzuni?
Sifuri.
Chakula kinapita?
Kinapita, mama. Sifuri.
Umejiona huna thamani?
Namshukuru Mungu. Sifuri.

Sikudanganya. Nilikuwa naitikia salamu.
Kwetu ukiulizwa habari unasema njema
hata jeneza likiwa sebuleni.
Za nyumbani? Salama.
Za watoto? Wazima.
Za kazi? Tunasukuma.
Unapanga njema juu ya njema kama matofali
mpaka ukuta usimame, mwenzio apate pa kuegemea,
ndipo unasema: ila.
Ila baba hatunaye.
Msiba nao hupiga hodi.

Bronwen akajumlisha. Haikuchukua muda.
Akatabasamu: una bahati,
tatizo tunalolitafuta huna.
Akanipa vocha ya pauni kumi, pole ya usumbufu,
na kijitabu kuhusu ulaji wa mboga.
Nikavaa koti. Nikavaa glavu moja.
Mkono mmoja kwenye kitasa,
wa pili ukiisaka glavu ya pili,
nikasema: ila.

Ila silali tangu Oktoba.
Ila ndugu yangu nilimzika kwenye simu,
chumba cha mapumziko, kiwandani,
wenzangu wakila viazi,
na mtandao ukakatika koleo la kwanza la udongo likiwa hewani.
Mpaka leo halijashuka.

Hakuandika.
Akapenga kamasi, akakitazama kile kisifuri chake kirefu,
akatafuta kwenye fomu mahali pa kuweka ila.
Hapakuwa na mahali.
Akatoa fomu mpya.
Akaanza swali la kwanza, polepole, kama anayejifunza kuamkia.
Tatu, nikasema.
Tatu. Mbili. Tatu.
Hiyo mbili niliipunguza kwa aibu; nadhani alijua.

Sasa mimi ni mia nne kumi na saba.
Kila usiku, yaani kila asubuhi, nameza kidonge cheupe
ambacho pengine ni dawa, pengine ni chokaa.
Mimi sijui. Yeye hajui.
Kuna kompyuta mahali inajua na haisemi.
Jumatano nililala saa nne mfululizo.
Alhamisi dakika arobaini.
Vyote vimeandikwa.

Wiki ya tano Bronwen aliingia macho mekundu,
na mafua yalishakwisha.
Na wewe, nikamuuliza, habari zako?
Njema, akasema, akiifungua fomu.

Nikaweka bilauri chini.
Sikujibu swali lake la kwanza.
Nikangoja.