Fomu ya Kiwanja Namba Kumi na Saba

Nimekuja na kalamu ya manispaa na futi ya chuma ya mita tano.
Mtaa wa nyuma ya soko, Moshi mjini.
Juu ya mlango mwaka umechongwa kwenye plasta: 1938,
na jina la aliyejenga, herufi zake tatu zimeshadondoka,
kila mpangaji analimalizia apendavyo.

Paa: bovu.
Naandika bovu, lakini neno halitoshi.
Bati limeliwa na kutu hadi jua linashuka sakafuni
kama sarafu zilizomwagika,
na mtoto wa chumba cha tatu anazikanyaga moja moja,
anahesabu, anapotea, anaanza upya.
Kuta: chumvi imepanda mpaka kiunoni.
Choo: kimoja, kaya sita, ufunguo mmoja
uliofungwa kwenye kipande cha ndala
ili ukidumbukia uelee.

Nikatoka nje nipumue. Nikainua macho
nikakiona kile kibaraza cha juu, cha mvule,
nguzo zilizochongwa na mtu asiye na haraka,
nikasema kwa sauti, kama msomi wa chuo:
hiki kihifadhiwe.

Aikaeli alikuwa na pini mdomoni.
Anashona sare za shule pale kizingitini,
miaka thelathini na mmoja, cherehani moja ya miguu.
Alizitoa pini moja baada ya nyingine ndipo akacheka.

"Wewe unakiona kutoka barabarani, mwanangu.
Mimi nakiona kutoka kitandani.
Njoo ulale hapa mwezi wa nne,
mvua inaposhuka kutoka Kibosho bila kubisha hodi.
Beseni likilia kwa sauti nene najua bado mapema;
sufuria ikianza, nawaamsha watoto tusogeze godoro.
Vunjeni.
Msiniulize mara mbili, vunjeni.
Ila niandikie hapo kwenye karatasi yako
nitarudi wapi."

Nikafunua ukurasa wa pili. Wa tatu.
Kuna kisanduku cha nyufa, kisanduku cha nyaya,
kuna hata kisanduku cha popo darini.
Aina ya ukaazi: mpangaji.
Kisha mchoro wa jengo jipya, ghorofa sita, fremu za vioo,
miti iliyosimama kwa mstari kama wanafunzi,
na watu wa kuchorwa wanaotembea bila vivuli.
Niliwachungulia mmoja mmoja.
Hakuna aliyebeba cherehani.

Basi nikaandika pembeni, nje ya mistari,
pale ambapo kompyuta ya ofisi haisomi:
Aikaeli Mtui, chumba cha mbele.
Anataka choo chenye mlango wake.
Anataka bati lisilopiga ngoma usiku.
Anataka kodi anayoweza kuishona kwa mwezi.

Aliinama kutazama. Hakusema asante wala nini.
Alivuta futi yake ya kitambaa kutoka shingoni
akanipima mabega, mimi na shati langu la serikali.
"Limekubana," akasema. "Njoo Ijumaa nikutanulie."

Hakusema wapi.
Mlango, kwa sasa, ni ule ule,
na lile jina juu yake nililisoma nikiondoka,
nikalimalizia na mimi.