Watazama Viatu

Theluji siijui. Barafu naijua,
ile ya kulazia nguru, inayouzwa kwa bonge
na kuvishwa gunia isilie njiani.
Nagisa aliponifasiria jina la bendi, Yukioroshi,
ngurumo inayotangulia theluji,
niliandika juu ya kasha, kwa wino mwekundu:
RADI YA BARAFU.
Akacheka. Akasema, iache hivyo hivyo.

Alisomesha kemia, Barani, miaka miwili.
Redio yake ilikuwa ikitafuna kanda
na ndani ya kanda walikuwemo wao, wanne, kutoka Niigata:
magitaa mawili, besi, ngoma,
na sauti ya Mizuho imezama chini
kama pete iliyopotelea kwenye unga.
Nikasafisha kichwa cha redio kwa spiriti.
Nikasikiliza. Nikasema: pole mwalimu,
spika nayo imepasuka.
La, akasema. Ndivyo wanavyopiga.
Wanapiga wameinama, macho kwenye viatu,
kila mmoja na vibonyezo sita miguuni
vya kugeuza mlio kuwa moshi.
Mama alikuwa mlangoni, anachambua mchele.
Basi hao wana haya, akasema,
kama waliovunja sahani wageni wangali ukumbini.

Kabla ya kuondoka alikuja na kinasa sauti
akakiweka juu ya benchi, kati ya solda na kikombe,
akakaa saa nzima bila neno.

Kanda ya pili ilifika na El Nino.
Posta waliikausha juani pamoja na barua za watu.
Humo ngoma zimekimbia, za kuchezea disko,
magitaa yakizifuata nyuma, yamelowa.
Ya tatu ina zumari la bibi zao, tarumbeta,
na mtu anayehesabu samaki mnadani.
Nagisa akaandika: mashabiki wamenuna,
wanauliza bendi hii ni ya muziki gani hasa.
Nilimjibu kwa kadi ya posta:
Harusi ya juzi hapa Shela, kinanda kimetoka kwenu,
wimbo umetoka sinema ya Kihindi,
kiuno ni chetu wenyewe,
na hakuna aliyemdai bibi harusi risiti.

Kisha kimya. Miaka saba.
Tetsuya wa ngoma anaendesha tingatinga
la kusukuma theluji barabarani.
Mizuho sikio la kushoto limefunga.
Na mimi, katika miaka hiyo hiyo,
nilimzika mama, mwezi wa Rajabu, asubuhi,
nikauza benchi moja, nikabaki na moja.

Ya nne ilikuja ni sahani inayong'aa, si kanda.
Wimbo wa sita una dakika kumi na moja.
Unaanza na mvumo ninaoujua
kama mtu ajuavyo kikohozi cha jirani:
jenereta langu, Yamaha kuukuu,
niliyoinunua kwa Mtaliano aliyefunga hoteli.
Lilizaliwa kwao. Limerudi kwao likiwa mvumo.
Magitaa yakalifunika, saba nilihesabu, labda nane,
mvua juu ya bati, bati juu ya mvua,
na dakika ya saba, chini kabisa,
chini kuliko Mizuho:

Chengo! Zima hilo dude, watu wamelala!

Nilirudisha nyuma. Nikarudisha tena.
Kaka zangu sijawaambia. Ningewaambiaje,
kwamba mama yupo Niigata,
anagombeza watu wasiojua lugha yake
na wao wamenunua tiketi?

Leo kijana wa Muyeye amefuata spika zake za harusi.
Nilikuwa nimeuweka, kwa sauti ndogo.
Akasimama, akainamisha sikio.
Fundi, akasema, hiyo yako nayo imepasuka.
Nikamwambia, ndivyo wanavyopiga.
Akangoja nimtazame, anilipe.
Nilikuwa natazama ndara zangu,
ule wa kulia, ukanda wake nimeufunga kwa waya wa shaba.