Kioo Hakina Mlango

Ghala letu liko chini ya ngazi, mtaa wa Supilinn, Tartu,
ndani ya seva moja kuukuu inayokoroma
kando ya magunia ya viazi vya mwenye nyumba.
Humo umo msimbo wote: miaka kumi na minne
ya kusoma vipimo vya maji ya mito,
kila mstari na jina la aliyeuandika.

Lakini watu hawashuki ngazi hizi.
Watu wako kule, kwenye jukwaa kubwa la kampuni,
penye taa, nyota na vidole gumba.
Basi tukaweka huko kioo:
nakala inayojisasisha kila saa,
ionekane, isiguswe.

Na kwa kuwa mgeni hajui kioo ni kioo
mpaka agonge paji la uso,
tukamweka roboti. Ukileta kiraka,
anakujibu kabla hujapepesa jicho:
"Asante. Hapa hatupokei. Tuma kwa barua pepe,
maandishi matupu, safu sabini na mbili."
Kisha anafunga.
Maneno hayo niliyaandika mimi, Jumanne moja, nina njaa.
Niliyaona ya adabu.

Mwezi wa pili, mto Emajõgi umeganda ukingo kwa ukingo,
Ülle akaniita:
"Taavet, njoo uone nani alipiga hodi."

Nahuel Ñancupil wa Villarrica, Chile,
mpima maji wa mto Toltén.
Kiraka chake: kistari kimoja.
Alama ya kutoa, tuliyoidondosha sisi
tangu mwaka wa kwanza, maana mito yetu
haijawahi kushuka chini ya sifuri ya kipimio.
Wake ulishuka. Ukame wa tatu mfululizo,
maji sentimita kumi na mbili chini ya alama,
na programu yetu ikawatangazia wakulima
mafuriko madogo.

Aliyaeleza hayo kwa Kiingereza cha kuokoteza,
na picha: kipimio kimesimama peke yake
kwenye kokoto kavu.
Roboti akamjibu: safu sabini na mbili.
Mwaka mzima na siku nane zilizopita.

"Utaratibu ni utaratibu," nikasema.
"Tukianza kuokota vilivyoachwa kwenye kioo,
kesho tutafagia dunia nzima."
Ülle alikuwa anatafuna mkate mweusi. Hakunijibu.
Alikibeba kile kistari kwa mkono,
akakipitisha katika majaribio yote mia tatu na kumi,
na penye mwandishi akaweka jina la Nahuel, si lake.
Seva ikalitema: ?ancupil.
Alama ya kuuliza mahali pa herufi,
kana kwamba ghala letu linasema: huyu nani?

Mwanamke huyu, tikiti zote za ndege humwita Ulle,
nukta zake mbili zimeachwa kaunta.
Alikaa hadi saa nane usiku
akitengeneza hati ya siku za mwanzo
iliyokuwa inakula herufi za watu.
Ñ ikaketi mahali pake, na kofia yake.

Mimi nikarudi kwa roboti.
Nikafuta "hatupokei".
Nikaandika, nikafuta, nikaandika:
"Hodi yako imesikika. Nyumba iko pengine.
Ukishindwa njia, acha hapa;
mmoja wetu atapita Ijumaa."
Nilipokwisha kuituma ndipo nikagundua
mmoja wetu ni mimi.

Sasa kila Ijumaa napita na kikapu.
Mengi ni takataka: huyu kahamisha koma ili ahesabiwe,
yule kaleta kazi ya shule, kakosea ghala.
Nawarudishia, nawaeleza kwa nini,
wengine wananitukana.

Nahuel hakuandika tena.
Ila mwezi wa tano kituo cha Toltén
kikaanza upya kututumia vipimo:
−9, −9, −8.
Ülle alivisoma kwa sauti, polepole,
akikitamka kila kistari.