Saba Mara Nane

Saa tisa za usiku nakugusa bega, Lamara,
kijiko cha asali mkononi.
Wanitazama jinsi mtu amtazamavyo mdai.
"Wewe nani?"
Mumeo. Fumbua kinywa.

Miaka miwili. Shuleni walisema umelewa:
mwalimu wa hesabu, asubuhi,
ameshindwa saba mara nane.
Mkuu akakunusa pumzi, akatafuta chacha,
ile pombe yetu ya makapi ya zabibu.
Na mimi, niseme kabla hawajakulaza,
mimi pia nilikunusa.

Kisha wakakufungisha wodini, maji matupu.
Saa ya thelathini na moja jasho, mikono ikacheza,
sukari chini, insulini bado inamwagika.
Glukosi ilipoingia mshipani
ukaniita: Gela.
Daktari Lomsadze akapiga kofi, amemfumania mwizi.

Kikulacho ki nguoni mwako.
Hiki kimepita nguo, kimepita ngozi,
kimejificha nyuma ya tumbo, sentimita moja na nusu,
punje ya zabibu, nacho hakikuli:
kinakulazimisha ule.

Nyuma ya risiti ya dawa akachora samaki.
"Kongosho. Kichwa, kiwiliwili, mkia.
Kikiwa juujuu, mbali na mfereji, nakichopoa,
kokwa itoke, tunda libaki.
Kikiwa mkiani, nakata mkia;
wengu nitaubakiza, mishipa ikiniruhusu.
Kikiwa kichwani, kimeukumbatia mfereji..."
Akaweka kalamu chini.
Ukamjibu wewe: "Hapo unabomoa nyumba
kwa ajili ya panya mmoja."
Hakucheka. "Ndiyo," akasema.

Picha zilisema mkiani.
Tumbo lilipofunguliwa, kidole chake na kile chombo cha mawimbi
vilisema kiwiliwili, milimita nne kutoka mfereji.
Milimita nne! Unene wa ukoko wa mkate.
Akakichopoa. Wakapima damu pale pale mezani,
wakangoja, wakapima tena:
sukari inapanda.
Mimi kwenye benchi la Tbilisi, theluji dirishani,
nimetafuna kifungo cha koti hadi kikapasuka.

Halafu mrija ubavuni, wiki tano,
maji ya kongosho yakivuja, yakila ngozi,
nami nikipaka malai, nikimwaga kichupa, nikiandika kiasi.
Hayo hakuyachora.

Jana usiku, saa tisa, nimesimama tena na kijiko,
mlinzi aliyesahau kuambiwa vita vimekwisha.
Unapumua. Nikashindwa kuondoka.
"Lamara. Saba mara nane?"
"Hamsini na sita. Zima taa."

Asali nikailamba mwenyewe, gizani.